Mchumba Aliyetoka Buffalo

Mpaka leo nikisikia mtu anataja Buffalo, uso unanipata moto. Sijawahi kufika huko wala sitarajii kufika. Lakini mji huo ndio ulionionyesha mimi ni mwanamke wa namna gani, na sikupenda nilichokiona.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali mjini Sumbawanga. Baba yangu, Mzee Dominiko, ni katekista kule Mwimbi, mkulima wa mahindi na ulezi, na mimi Luciana ndiye mtoto wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho la chuo. Baba aliisema habari hiyo kila alipopata upenyo, hata katikati ya matangazo ya jumuiya. Na alikuwa na sentensi yake moja ambayo kijiji kizima kiliijua: atakayemchukua Luciana sharti awe mtu aliyetembea, aliyeona dunia.

Nami, kwa akili zangu timamu, nikampenda Anyosisye, ambaye kutembea kwake kulikuwa ni kutoka Tukuyu kuja Sumbawanga kuuza mitumba.

Alikuwa na meza yake sokoni, upande wa makoti. Siku moja alifungua belo akakuta koti la buluu lenye picha ya nyati anayeruka, na ndani ya mkono wa koti kitabu kinene kimesokomezwa. Kilikuwa historia ya timu moja ya Marekani, Buffalo Bills, wanaocheza ule mpira wao wa kushikwa mikononi, wanaume wamevaa kofia ngumu wanakumbana kama mafahali. Nusu ya kitabu ilikuwa masimulizi, nusu maswali na majibu. Koti hakuliuza, maana baridi ya Juni ya Sumbawanga haitanii. Kitabu alikisoma na kamusi pembeni, ukurasa kwa ukurasa, miaka mitatu. Shule alikuwa ameishia kidato cha pili. Kiingereza chake chote alikipata humo.

Na mimi alinipata humo humo. Nilianza kupita pale kutafuta sweta, nikaishia kupita kutafuta maswali. Ananiuliza timu ilianza kucheza mwaka gani. Nikijibu elfu moja mia tisa na sitini, ananinunulia hindi la kuchoma. Nikikosa, nakaa robo saa zaidi. Nilikosa sana, na kwa makusudi. Siku aliyonieleza kwamba waliingia fainali kubwa miaka minne mfululizo wakashindwa zote nne, nilicheka nikamwambia hao si wa kushangilia, ni wa kuombewa misa.

"Hebu fikiria, Luciana," aliniambia. "Umeshindwa mbele ya nchi nzima. Mwaka unaofuata unarudi. Unashindwa. Unarudi tena. Wewe ungeweza?"

Alisema huku ananitazama kwa yale macho yake ya taratibu, mpaka nikaanza kukunja sweta ambalo lilikuwa limekunjwa tayari. Nilimpenda jioni ile mpaka nikaogopa.

Lakini nilikuwa napita pale wenzangu wa ofisini wakishaondoka. Waliponiuliza kuhusu mchumba, nilisema ni mfanyabiashara wa nguo za nje. Nikajiridhisha kwamba sijadanganya.

Wakati wa posa ulipofika tukampata mshenga, Lazaro, fundi cherehani wa meza ya jirani, Mfipa mwenzetu mwenye mdomo mtamu. Siku mbili kabla ya safari nilimwita pembeni pale stendi. Nikamwambia aseme kwamba Anyosisye alikaa Marekani miaka miwili, mji wa Buffalo. Koti analo, Kiingereza anacho, historia ya timu yao anaijua kuliko wenyewe, na nani atakwenda kuhakiki? Lazaro alijikuna sikio akaniuliza kama mwenyewe anajua. Nikasema nitamwambia. Sikumwambia. Nilijua angekataa.

Kwetu mposaji hasemi. Mshenga ndiye mdomo wake. Mwenyewe hukaa kwenye benchi, miguu pamoja, akaangaliwa. Akifungua kinywa amewadharau wazee. Basi Lazaro aliposimama uani kwetu na kutamka "Marekani", Anyosisye aligeuza macho mara moja tu akanitafuta. Nikatazama pembeni. Baba alifurahi mpaka akausamehe hata Umoravian wake, akasema hayo ya madhehebu yatazungumzika. Barua ya posa ikapokelewa kwa mikono miwili.

Tuliporudi mjini Anyosisye alinisubiri mpaka abiria wote wakashuka.

"Lazaro alikuwa anamposea nani pale?" aliniuliza.

"Wewe."

"Mimi sikumsikia mtu ninayemfahamu."

Nililia. Machozi yangu yalikuwa na kazi nzuri siku zile. Nilimwambia ni kwa ajili yetu, nikamwambia baada ya ndoa tutamweleza Baba pamoja na tutacheka. Akanifuta machozi kwa mkono wa lile koti. Hakukubali, alininyamazia tu, na mimi nikachukua kwamba amekubali.

Siku ya kujibiwa barua ilikuwa mwezi wa nane, mavuno yameshaingia ndani. Nilipofika Mwimbi nilikuta nyumba inacheka. Shangazi yangu, Sista Fransiska, mdogo wake Baba, alikuwa amekuja likizo bila kutoa taarifa. Miaka tisa alikuwa anahudumia masista wazee huko Marekani. Sisi nyumbani tulisema yuko New York, kwa sababu barua zake ziliandikwa hivyo, na picha niliyokuwa nayo kichwani ni magorofa. Sikujua kwamba New York ni jimbo pia, na kwamba ndani ya jimbo hilo, mbali kabisa na magorofa, kuna mji uitwao Buffalo.

Nilijua pale aliponishika mabega akaniambia, "Kumbe mchumba wako ni mtu wa kwetu."

Nilitaka kumkimbilia Anyosisye njiani nimwambie arudi. Lakini bodaboda zilikuwa zimeshaingia uani, na yeye anashuka, amevaa koti la buluu ambalo mimi mwenyewe nilimwambia alivae.

Wazee walikaa. Lazaro akasalimia kwa niaba yake. Sista alivumilia kama dakika tano, kisha akawaomba radhi wazee: anajua mposaji hasemi, lakini tangu ashuke kwenye ndege hajapata mtu wa kuzungumza naye habari za Buffalo. Baba akacheka, akasema leo desturi itafumba jicho, kijana azungumze na shangazi yake. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja, ili tuone mkwe anavyohojiwa.

Sista aliuliza kwa furaha tu, sina haki ya kusema vingine. Alisimulia kwamba masista wake wazee walikuwa wanatazama mechi za Bills na rozari mikononi. Akamuuliza ile fainali ya kwanza ilikuwaje. Anyosisye akajibu polepole: walipungukiwa pointi moja, zimebaki sekunde nane wakapiga teke la mwisho, mpira ukapita kulia kwa goli. Na ya pili? Mchezaji wao nyota hakuiona kofia yake mechi inaanza. Na ile mechi ya maajabu? Walikuwa nyuma thelathini na tano kwa tatu, wakashinda arobaini na moja kwa thelathini na nane. Sista alipiga makofi. Wajomba wakatikisa vichwa. Baba alikuwa amekaa wima kwa fahari, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kupumua.

"Wewe ulikuwa unaendaje uwanjani?" Sista akauliza. "Maana sisi usafiri ulikuwa unatusumbua."

Hilo halikuwa swali la kitabuni. Niliona Anyosisye anatafuta, na nilijua anafungua ukurasa gani, kwa sababu nilikuwa nimeusoma naye bega kwa bega.

"Kwa miguu, Sista. Uwanja uko katikati ya nyumba za watu. Siku ya mechi wenye nyumba wanaegesha magari ya wageni kwenye nyasi zao."

Sista akacheka. "Huo wa zamani, baba. Huo wa katikati ya nyumba timu iliuhama mwaka sabini na tatu. Sasa wako Orchard Park, nje kabisa ya mji, huwezi..."

Akaweka mkono mdomoni. Alikuwa ameshaelewa, na alitamani arudishe maneno yake, lakini Baba ni katekista. Miaka thelathini amekaa anasikiliza watoto wakikariri, anajua sauti ya mtu anayesema asichokiona.

"Una miaka mingapi, kijana?"

"Thelathini na mmoja, baba."

"Ulikaa Marekani?"

Lazaro alikohoa aseme yeye. Baba akamnyooshea kiganja. Anyosisye alisimama kutoka kwenye benchi, akavua kofia.

"Sijawahi kufika, baba. Dar es Salaam kwenyewe nimefika mara mbili. Nauza mitumba sokoni Sumbawanga. Hayo ya Buffalo nimeyasoma kwenye kitabu."

Wajomba wakaanza kuzungumza Kifipa, lugha ambayo yeye haijui. Nilielewa kila neno. Mmoja alisema heri ngozi ya nyati imevuliwa kabla ng'ombe wa harusi hajachinjwa, na wenzake wakacheka kwa pua. Anyosisye alisimama katikati ya kicheko asichokijua, anatazama mbele.

"Nani aliyemtuma mshenga aseme uongo nyumbani kwangu?" Baba aliuliza kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

Lazaro alinitazama. Ndiyo, alinitazama waziwazi. Nilikuwa nimeshika ungo wa karanga za wageni. Ninachokumbuka ni kwamba nilizitazama zile karanga, na kwamba nilikuwa na muda wa kutosha. Ningeweza kusema "ni mimi". Ni maneno mawili, hata mtoto anayeanza kuongea anayaweza. Lakini niliwaza kijiji, nikawaza joho langu, nikawaza uso wa Baba.

"Mimi," alisema Anyosisye. "Nilimtuma mimi. Naomba radhi, baba. Naomba radhi wazee wote."

Baba akaingia ndani, akatoka na barua ya posa, akamrudishia mbele ya watu. Alimpa kwa mkono wa kushoto. Anyosisye akaipokea kwa miwili. Alipopita karibu yangu kuelekea kwenye bodaboda alipunguza mwendo kidogo tu, akanipa nafasi ya mwisho. Nikabadilisha ungo mkono.

Jioni ile walinipa pole. Mama alinibembeleza, wajomba wakamshukuru Mungu aliyeniepusha na tapeli. Nilikula nyama ya mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya mtu niliyemwacha asimame peke yake, na nyama ilipita kooni. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote: kwamba nilikula nikashiba.

Asubuhi Sista Fransiska alinikuta nyuma ya nyumba napeta ulezi. Akakaa chini na gauni lake jeupe bila kujali vumbi, akasema amekuja likizo kusalimia, badala yake amevunja uchumba wa mtoto wa kaka yake kwa kujionyesha anaujua mji. Hakulala. Alikuwa anaomba nimsamehe.

Kuombwa msamaha na yeye ndiko kulikonimaliza. Nikamwambia kila kitu, tangu stendi mpaka karanga. Hakunishika mkono wala hakunikaripia. Akanieleza habari ya yule mpiga teke aliyekosa. Kesho yake mji ulikusanyika kwa maelfu kuipokea timu, wakamwita kwa jina mpaka akasogea mbele, akaongea na machozi. Masista wazee walikuwa wanasimulia kama habari za watakatifu.

"Wao husifu waliomwita," Sista alisema. "Mimi nashangazwa na yeye. Angeweza kubaki nyumbani akafunga mlango. Nani angemlaumu?"

Akanyanyuka, akakung'uta gauni, akaenda zake kanisani. Nami nikaenda kumtafuta Baba.

Nilimkuta ghalani anapanga magunia. Nilipiga magoti nikasema. Sikulia, maana nilijiapiza nisilie. Alisikiliza mpaka mwisho amenipa mgongo.

"Kijana alijua?"

"Alijulia hapa uani, Baba. Siku moja na wewe."

Alikaa juu ya gunia. Akashika kola ya shati lake, shati jeupe la Jumapili.

"Hili nimelinunua wapi?"

"Sokoni."

"Kwa nani?"

"Kwa watu wa mitumba, Baba."

"Na suti niliyovaa kwenye mahafali yako, ukapiga nayo picha?"

Niliinamisha kichwa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nimemfukuza mkweli nikampa barua kwa mkono wa kushoto. Mwongo nikamwachia minofu." Akajipangusa uso. "Na mimi nina changu. Dunia, dunia, kila siku. Nani alikufundisha kumwonea haya mtu wa sokoni kama si mimi? Nenda. Barua siwezi kuiomba mimi, nimeirudisha mbele ya watu. Kasemee kwake, na usisemee chumbani."

Desturi haimtumi msichana kwa mposaji, sote wawili tulilijua hilo. Jumatatu nilikwenda, na nilichagua saa saba mchana, saa ambayo ofisi yetu yote hupita sokoni kwenda kula.

Alikuwa anatundika makoti. Koti la buluu hakulivaa, lilikuwa limetundikwa pamoja na mengine ya kuuza. Nikaliona nikasahau nilichopanga kusema.

"Karibu, dada," alisema, kama anavyomkaribisha yeyote.

Mkuu wangu wa kazi, Mama Winifrida, alikuwa meza ya pili anapima viatu. Wenzangu wawili wako nyuma yake. Nikapaza sauti.

"Nimekuja kukuomba radhi, Anyosisye. Uongo wa Marekani niliutunga mimi. Lazaro nilimtuma mimi. Ulipoulizwa ukajibebesha wewe, nami nilikuwepo nikanyamaza. Baba nimeshamwambia. Niliona aibu kwamba mchumba wangu anauza mitumba. Nimekuja kuwaambia na hawa."

Cherehani ya Lazaro ilisimama. Meza zote za upande ule zilikuwa zinasikiliza. Nilikuwa na moto usoni, masikioni, mpaka shingoni, na hapakuwa na ungo wa kushika.

Anyosisye alimaliza kufunga kifungo cha koti alilokuwa nalo mkononi. Halafu akasogea karibu, akasema kwa sauti ya kunifikia mimi peke yangu.

"Uongo haukuniumiza sana, Luciana. Hata wajomba zako. Nilivyopita pale karibu yako, nilikuwa sitaki useme kitu. Nilitaka uniangalie tu."

"Najua."

"Hukuniangalia."

"Najua."

"Sasa mimi nitajuaje siku nyingine itakuwaje?"

Ningesema naahidi, naye ameshanisikia nikiahidi. Nikamwangalia, basi. Nilimwangalia kama alivyotaka siku ile, siku tatu nimechelewa, na ilikuwa kazi ngumu, maana macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi, na aliyemkosesha ni mimi. Hakuyaondoa. Sikuyaondoa.

Mama Winifrida alikuwa ameshafika mezani na kiatu kimoja mkononi. Mwanamke yule hana haya ya kuuliza. Akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akamgeukia yeye.

"Kwani huyu Luciana wetu ni nani wako?"

Anyosisye alifikiri. Alifikiri muda mrefu mpaka nikasikia muuza dagaa wa mbali anataja bei yake.

"Mteja," alisema.

Wenzangu wakaguna. Mama Winifrida akanigeukia aone kama nitakanusha. Sikukanusha. Mteja ni jina, na lilikuwa kubwa kuliko nililompa yeye uani kwetu, maana mimi sikumpa lolote.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Mteja wa siku nyingi. Mimi leo sitaenda kula."

Upepo ulikuwa umeanza kuinua turubai la mezani, makoti yanataka kuanguka. Anyosisye alishika pembe yake ya kwanza. Nikaizunguka meza, mbele ya ofisi yote, nikashika ya pili. Alinitazama mikono, akasita, nikadhani ataninyang'anya.

"Vuta," akasema.

Nikavuta.